SOMO LA VYOMBO VYA UVUVI: KUTENGENEZA NA KUPAKA RANGI UPYA BOTI KUUKUU YA FAIBA NYUMBANI

Mwenye boti kuukuu ya faiba akitaka kuirudisha kazini, jambo la kwanza analolifikiria huwa ni rangi, ilhali rangi ndiyo kazi ya mwisho. Boti iliyopakwa vizuri huweza kurudi majini ikiwa na ubao uliooza ndani ya ukuta wa tezi, na aliyeinunua asijue neno mpaka siku injini itakapolegea ikiwa mbali na ufuko. Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya wakaazi wanaomiliki vyombo vya aina hiyo, na kwa watumishi wanaopewa jukumu la kuvikagua kabla ya kutolewa leseni.

Mfano unaotumika humu ni wa Milepa, kata iliyomo katika Bonde la Ziwa Rukwa, Wilaya ya Sumbawanga, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Kwa msomaji wa visiwani huko ni mbali, na maji yake si ya bahari. Hata hivyo, makosa mawili yanayoharibu kazi ya faiba kila mahali, yaani kuitendea faiba kama mbao na kutojali joto la hewa, yanaonekana huko kwa uwazi zaidi kuliko pwani, na ndiyo sababu ya kulichukua bonde hilo kuwa darasa.

Chombo cha faiba ni kitu kigeni kwa kiasi fulani. Nchini Marekani, Ray Greene aliunda mashua ya nyuzi za kioo na resini huko Toledo, Ohio, mwaka 1942, na baada ya vita ufundi huo ukaenea duniani. Katika maziwa ya Tanzania mbao na magogo vimeendelea kutawala kwa muda mrefu, lakini hali inabadilika; mwezi wa Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi kwa mkopo boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Boti za namna hiyo nazo zitazeeka, zitauzwa kwa mtu wa pili na wa tatu, na mafundi watakaozipokea ni wale wale waliojifunza kazi yao juu ya mninga na mvule.

Hapo ndipo penye tatizo. Chombo cha mbao hupona majini. Kikikaa juani mbao husinyaa na maungio hufunguka. Kikirudishwa majini mbao huvimba na kujifunga zenyewe, na palipobaki wazi fundi hupiga kalafati. Faiba ni kinyume chake. Maji yakishapenya kwenye ufa hayaufungi, bali husafiri ndani ya nyuzi, huingia katika plaiwudi iliyofichwa ndani, na huko hukaa kwa miaka. Chombo cha faiba hupona nchi kavu tu. Ada nyingine za pwani nazo, zilizo njema kabisa kwa jahazi, ni sumu kwa faiba. Kukichoma chombo kwa makuti ili kuua wadudu huunguza resini. Kukipaka deheni au sifa huacha mafuta ambayo kiraka kipya hakiwezi kuyashika. Anayenunua boti ya faiba iliyowahi kupakwa mafuta ya aina yoyote ajue kwamba ana kazi ya ziada ya kuyaondoa kwa asetoni na vitambaa safi kabla hajagusa msasa, kwani msasa ukitangulia huyasukuma mafuta ndani zaidi.

Uchunguzi hauhitaji mtambo. Boti igeuzwe chini juu, ioshwe kwa maji matamu, kisha igongwe polepole kwa mpini wa bisibisi, shubiri kwa shubiri. Penye uzima hutoa sauti kali na kavu. Palipoachana au palipolowa hutoa sauti nzito, kama kugonga kibuyu chenye maji. Kila pahala palipotoa sauti hiyo pachorwe duara kwa chaki. Malengelenge madogo chini ya jelikoti, lile tabaka la juu linalong'aa, yatobolewe. Yakitoa majimaji yenye harufu kali mfano wa siki, ni dalili kwamba maji yamekwisha kuishambulia resini. Halafu iendewe tezi. Ukuta wa nyuma unaobeba injini kwa kawaida ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande mbili. Tundu dogo litobolewe kutokea ndani, karibu na chini, na unga unaotoka utazamwe: ukiwa mkavu na mweupe, ubao ni mzima, ukiwa wa kahawia na umelowa, ubao wote hautegemewi hata kama kwa nje hakuna ufa. Ukuta huo ukatwe kutokea ndani na utiwe ubao mpya. Gharama yake inauma, lakini hakuna kiraka kinachochukua nafasi yake.

Baada ya hapo hufuata kukausha, na ndiyo kazi inayowashinda wengi kwa sababu haionekani kuwa kazi. Jelikoti iliyoharibika iondolewe, sakafu ifunguliwe, na povu lililolowa chini ya viti litolewe lote. Mwili wote uoshwe tena na tena kwa maji ya kisima au ya mto. Huko Milepa maji ya ziwa yenyewe hayafai kwa kazi hii: Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, kwa hiyo chumvi na magadi hubaki humo, na chumvi iliyobaki ndani ya faiba huvuta unyevu wa hewa hata boti ikiwa chini ya paa. Kisha boti ikae kivulini, penye upepo, kwa wiki kadhaa na pengine miezi. Kujua kama imekauka, kipande cha plastiki angavu kibandikwe pande zote kwa gundi ya karatasi na kiachwe siku nzima. Kikionyesha matone kwa ndani, muda bado. Bonde la Rukwa lina bahati ya kiangazi kirefu, takriban Mei hadi Oktoba, hivyo boti iliyofunguliwa mwezi wa Juni yaweza kuzibwa mwezi wa Septemba na kupakwa kabla ya mvua za Novemba. Visiwani nafasi ni finyu zaidi. Masika ya Machi hadi Mei hayafai kabisa, na ni vyema kazi ianze pepo za kusi zinapokolea.

Jambo la pili ni joto. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kiasi cha mita 800. Mtu anayeteremka ukingo wa Lyambalyamfipa akiwa na debe la resini anashuka mita 1,000 na kuingia katika hewa nyingine. Resini ya poliesta hugandishwa na hadina, na kipimo cha kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo 1 ya resini. Kwenye joto la bondeni mililita 10 zinatosha, na mchanganyiko hubaki laini kwa dakika chache tu. Fundi anayetia 20 ataona kopo likifoka moshi mkononi mwake. Juu kwenye uwanda, katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, kipimo kile kile cha bondeni huenda kisigande ipasavyo, kwani chini ya nyuzi joto 15 kazi ya resini hudorora. Kiraka kilichoganda nusu hakijirekebishi baadaye. Hubaki laini, hunyonya maji, na chapaswa kung'olewa. Kwa hiyo kila siku mchanganyiko mdogo ujaribiwe kwanza kwenye kopo kabla ya kugusa boti. Resini isinunuliwe mapema ikawekwa stoo yenye bati, kwa maana hujigandia yenyewe katika muda wa miezi.

Hapa lipo onyo ambalo halina budi kusomwa mara mbili. Resini nyingine huuzwa bila kiharakishi, na muuzaji humpa mnunuzi chupa mbili: kobalti, yenye rangi ya zambarau, na hadina, isiyo na rangi. Vitu hivyo viwili visikutanishwe kamwe peke yake, kwani huweza kulipuka. Kobalti huchanganywa na resini kwanza mpaka ienee kabisa, na hadina hufuata baadaye. Hadina ikiruka jichoni huweza kupofusha. Macho yakingwe kwa miwani ya fundi, na maji mengi safi yawe karibu. Vumbi la faiba linapokatwa kwa grainda huwasha ngozi na huingia mapafuni, basi barakoa ya vumbi na mikono mirefu si anasa. Mvuke wa resini nao hushika moto na huumiza kichwa. Kazi ifanywe nje, mbali na jiko, watoto na mifugo, na vumbi lifagiliwe na kufukiwa mahali pamoja, lisitupwe ufukweni.

Kuziba kwenyewe ni rahisi kueleza. Ukingo wa tundu usagwe kwa mteremko mrefu, upana wake ukaribie mara 12 ya unene wa boti. Penye unene wa milimita 5, mteremko uwe wa milimita 60. Mafundi wengi husaga kidogo kwa kuogopa kulikuza tundu, na ndiyo maana viraka vyao hubanduka vikiwa vizima kama ganda la embe. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo mikeka 5 yatosha tundu hilo. Resini iwe na uzito wa mara mbili hadi mara mbili na nusu ya mkeka. Ikizidi, kiraka huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Upepo utolewe kwa rola, na yasipite matabaka matatu au manne kwa mara moja ili joto lisizidi. Anayetumia epoksi badala ya poliesta atapata mshiko bora juu ya boti kuukuu, ila akumbuke kwamba poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo aliyeanza na epoksi amalize nayo.

Kabla sakafu haijafungwa, lipo suala la kuelea, na hili linahusu roho za watu. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji huzama nusu, na wavuvi huushikilia mpaka wapate msaada. Boti ya faiba iliyojaa maji, isiyo na kitu cha kuielesha, huenda chini pamoja na injini yake. Katika Ziwa Rukwa, lenye mamba na viboko, tofauti hiyo haihitaji maelezo, na katika mkondo wa bahari hali si njema zaidi. Hesabu yake ni hii. Mwili wa boti wenye kilo 300, ukiwa ndani ya maji, hubaki na uzito wa karibu kilo 100, kwa kuwa faiba ni nzito kuliko maji kwa nusu hivi. Injini ndogo huongeza kilo 30. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa barabara huinua karibu kilo 20. Madumu 7 huifanya boti isizame. Madumu 10 huwapa watu watatu kitu cha kushikilia. Yafungwe kwa kamba imara chini ya viti, pande zote mbili, yasiachwe huru. Anayependelea povu asitumie lile jeupe la kufungia vyombo vya umeme mahali litakapoguswa na resini ya poliesta, maana resini huliyeyusha papo hapo.

Ndipo sasa huja rangi. Mwili upigwe msasa namba 80 penye puti, kisha 120 na 240, ufutwe vumbi, na upakwe praima ya epoksi. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na madirisha, huweza kutumika juu ya usawa wa maji kwa mwenye uwezo mdogo. Chini ya maji haifai, na katika ziwa la magadi haifai zaidi, kwa kuwa magadi huigeuza mafuta yake kuwa kama sabuni na rangi hutoka kwa kucha. Huko epoksi yenyewe yatosha. Rangi ya kuzuia chaza na mwani, inayohitajika kwa boti inayolala baharini, haina kazi kwa boti inayovutwa nchi kavu kila siku. Ikinunuliwa, lebo isomwe: zile zenye tributilitini zimepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008. Rangi za poliyurethani za makopo mawili hung'aa sana, lakini zipakwe kwa brashi au rola. Kuzipuliza kwa mashine nyumbani ni hatari kwa mapafu. Nyeupe au rangi nyingine nyepesi ndiyo ichaguliwe kwa nje, kwani rangi nyeusi juani hupasha faiba joto kali na kuichosha.

Boti ikishakauka iteremshwe bila injini, ifungwe kwenye maji mafupi, ilale usiku mmoja, na asubuhi sakafu ikaguliwe. Tone likionekana, boti irudishwe juu na lifuatiliwe linakotoka. Injini hufungwa baada ya hapo. Namba ya usajili iliyofunikwa na rangi mpya iandikwe tena kama ilivyo kwenye cheti, na mwenye chombo amweleze ofisa wa uvuvi mahali viraka vilipo na kama ubao wa tezi umebadilishwa, ili ofisa aanzie hapo atakapokuja na bisibisi yake.