Somo: Bei ya Blanketi la Nguo za Ukumbusho

Mama mmoja anafika kwenye kikundi chenu cha ushonaji na gunia. Ndani mna mashati na suruali za mumewe aliyefariki. Hataki kuzigawa zote. Anaomba mzikate vipande, mviunganishe, apate blanketi moja la kujifunika na watoto. "Nguo ninazo, mtanifanyia pesa ngapi?" Mnaangaliana, kisha mmoja anasema, "Sh. 3,000 zinatosha, kwani kitambaa si chake?" Wote mnaitikia kwa huruma. Hasara inaanzia hapo.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Bei zilizo hapa ni za mfano, wekeni za soko lenu.

Tuseme blanketi ni la sentimita 150 kwa 210. Litahitaji vipande 35, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 kikishashonwa. Mtakata sentimita 32, maana mshono hula sentimita moja kila upande. Shati la mtu mzima hutoa vipande viwili au vitatu, basi mnahitaji kama nguo 15. Lakini nguo hizo ni za upande wa juu tu! Kitambaa cha upande wa chini ni mita 5 kwa Sh. 250, yaani Sh. 1,250, na mabaki yake yatatosha kingo. Blanketi jepesi la kuweka katikati ni Sh. 600, uzi Sh. 150. Fulana na sweta huvutika, kwa hivyo hubandikwa kitambaa kigumu kwa pasi kabla ya kukatwa: Sh. 300. Makaa ya pasi Sh. 100. Jumla ni Sh. 2,400.

Kumbe katika zile Sh. 3,000 mmebaki na Sh. 600 peke yake. Na kazi je? Kufua, kufumua na kupiga pasi, saa 7. Kukata, saa 6. Kupanga vipande na kuviunganisha, saa 10. Kushikanisha tabaka tatu, saa 11, na hapa ndipo mgongo unapouma. Kingo, saa 6. Hizo ni saa 40. Gawanya Sh. 600 kwa saa 40, unapata Sh. 15 kwa saa. Hakuna mtu atakubali kupalilia shamba la jirani kwa pesa hizo.

Sasa wekeni Sh. 80 kwa saa. Kazi ni Sh. 3,200. Ongezeni vifaa Sh. 2,400, sindano na mafuta ya cherehani Sh. 200, nauli ya sokoni Sh. 200. Mmefika Sh. 6,000. Sehemu ya kumi iende kwa mfuko wa kikundi, na bei ni Sh. 6,600.

Wengine watasema, mtu amefiwa, tutamtozaje hizo zote? Ni swali zuri. Kama kikundi kinataka kumpunguzia, kipunguze, lakini kwanza bei kamili iandikwe kwenye daftari, halafu mkutano ukubaliane kiasi cha zawadi na kitoke kwenye mfuko wa wote. Msipofanya hivyo, zawadi hiyo inatolewa na wale wawili walioketi kwenye cherehani, bila kuulizwa.

Njia nyingine ni kupunguza ukubwa. Vipande 12 hutosha kumfunika mtoto, na shati moja hutosha foronya ya mto. Ila msigawanye bei kwa tatu hivi hivi tu, hesabuni saa upya.

Kabla ya makasi, ulizeni kama jamaa wamekubaliana. Sehemu nyingi nguo za marehemu hugawiwa watu wake baada ya matanga, na shati likishakatwa halirudi. Ulizeni pia kabla ya kufua. Kuna mtu anayetaka doa la rangi libaki, au mfuko uliochanika, hata harufu. Huko Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, mama aliyeitwa Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akashona blanketi kwa nguo zake za kazi. Hakutafuta sehemu mpya mpya. Kupauka kwa zile nguo kunaonekana hadi leo. Blanketi za akina mama wa kijiji hicho sasa zimewekwa katika majumba ya makumbusho.

Andikeni makubaliano kwa nakala mbili: idadi ya nguo zilizopokelewa, zipi zisikatwe, ukubwa, bei, siku ya kuchukua, na kwamba mabaki yote yatarudishwa kwa mwenyewe. Msiyafanye matambara ya kupangusia mashine, hata kama ni madogo. Pokeeni nusu ya pesa mwanzoni, Sh. 3,300, na mtoe risiti. Hiyo inatosha vifaa vyote, msije mkakopa ili kumshonea mteja.

Kazi ya mkutano ujao: kila mmoja alete shati kuukuu. Mwenye saa asimame kando aandike dakika, wengine wafumue, wapige pasi na kukata vipande viwili viwili. Kisha linganisheni dakika zenu na saa tulizoandika hapa. Kama zenu ni nyingi zaidi, tumieni zenu.