Mashine isiyosema: kupanga jedwali la MAC kwenye daraja la Linux

Mtu akilalamika kwamba mtandao wa mashine zake pepe unakokota, kabla ya kugusa kitu kingine huwa nalisoma jedwali la anwani za MAC la daraja:

bridge -s fdb show br br0

Mistari huwa mingi, lakini zaidi ya nusu unaweza kuiruka. Inayoanza na 33:33 au 01:00:5e ni ya multikasti. Yenye neno permanent, kwa kawaida, ni anwani za daraja na milango yake. Inayobaki ndiyo daraja limejifunza kwa kusikiliza: fremu ikiingia kupitia vnet3, anwani ya aliyeituma inaandikwa kwa vnet3. Ile -s inaleta namba mbili baada ya neno used. Itazame ya pili, kwani ndiyo inayohesabu sekunde tangu mashine isikike mara ya mwisho. Ikivuka 300 bila mashine kusema lolote, mstari unafutwa.

Kwa mashine nyingi hilo ni jambo jema. Taabu ni zile ambazo kazi yao ni kupokea tu. Chukua seva ya kukusanya logi kwa UDP, poti 514: inamezeshwa logi mchana kutwa na haina cha kujibu. Ruta ya Cisco, usipoibadilisha, hukumbuka ARP kwa saa 4, huku daraja likikumbuka kwa dakika 5. Dakika hizo zikiisha, ruta bado inatuma, ila daraja halijui tena mlango wa seva ile, basi linamwaga kila fremu kwenye milango yote. Ingia kwenye mashine nyingine yoyote ya daraja hilo ujionee:

tcpdump -eni eth0 udp port 514

Ukiona fremu za MAC isiyo yako zikimiminika, umeshampata mchawi. Dawa yake ni mstari mmoja:

bridge fdb replace 52:54:00:1a:2b:3c dev vnet3 master static

Usiache hata neno moja hapo. Ukitumia add badala ya replace, na daraja limeshaijua anwani hiyo, utajibiwa "File exists". Ukiacha master, ombi linakwenda kwa draiva ya vnet3 yenyewe, si kwa daraja. Baya kuliko yote ni kusahau static. Amri itapita kimya, hakuna kosa litakaloonekana, lakini mstari utaandikwa kuwa permanent, yaani daraja litaihesabu anwani ile kuwa yake. Fremu zitaishia kwenye seva mwenyeji na mashine pepe haitapata kitu. Kwa hiyo ukishaandika, soma jedwali tena, uhakikishe neno lililopo ni static.

Na static nayo haimaanishi kwamba anwani imefungwa kwenye mlango. Inazuia kuzeeka tu. Mashine nyingine ikituma fremu kwa MAC hiyohiyo kutoka mlango mwingine, mstari unahamia huko. Kama hutaki hilo, ongeza sticky mwishoni mwa amri.

Wapo wanaopenda kurefusha muda wa kuzeeka kwa daraja zima. Mimi sipendi, kwa nini ubadilishe tabia ya mashine zote kwa ajili ya moja iliyo kimya? Ukilazimika, kumbuka kwamba ageing_time katika amri ya ip huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde: 30000 ndiyo sekunde 300. Anayeandika 600 akidhani ni dakika kumi amepata sekunde 6. Na ukiweka 0, daraja linaacha kujifunza na kugeuka habu.

Kufuta yaliyojifunzwa kwenye mlango mmoja ni rahisi, na mistari ya static haiguswi:

ip link set vnet3 type bridge_slave fdb_flush

Limebaki suala la kudumu. Chini ya libvirt, mashine ikizimwa vnet3 inaondoka na mstari wako, na ikiwaka tena inaweza kuja kwa jina la vnet7. Amri yangu naiweka kwenye hati ya /etc/libvirt/hooks/qemu, hatua ya started. Libvirt huipa hati hiyo XML ya mashine kupitia ingizo sanifu, na jina jipya la mlango linasomwa humo humo.