Tishu za Nyani wa Manyara: Kaswende au Buba?

Barabara iendayo Karatu na Ngorongoro hupita kando ya Hifadhi ya Ziwa Manyara kabla ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Katika hifadhi hiyo, nyani wengi wameonekana na vidonda vibaya kwenye viungo vya uzazi na kuzunguka njia ya haja kubwa. Kwa baadhi yao makovu huvuta ngozi hata tundu la njia hiyo likabaki wazi daima. Mwaka 2007 watafiti waliwapa dawa ya usingizi nyani 63, wakubwa kwa wadogo, wakachukua sampuli.

Kwa nini ngozi ikatwe, ilhali kidonda chaonekana? Kwa sababu jeraha, bakteria, ukungu na saratani vyaweza kuacha vidonda vinavyofanana kwa macho. Kipande kidogo cha tishu hutiwa katika formalini kisioze. Maji yake huondolewa kwa alkoholi, kisha huzamishwa katika nta ya parafini na kukatwa tabaka nyembamba za maikromita chache tu. Hematoksilini huvipa viini vya seli rangi ya buluu, na eosini huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Hapo ndipo mchunguzi huona mahali ngozi ilipomomonyoka na jinsi seli za kinga zilivyokusanyika.

Bakteria mwenyewe, treponema, haonekani kwa rangi hizo. Ni uzi uliojisokota kama skurubu, wenye unene wa maikromita 0.2 hivi, hudhihirika tishu ikitiwa chumvi ya fedha, naye akawa mweusi.

Tishu za Manyara zilifanana na za binadamu mwenye kaswende. Lau kazi ingeishia kwenye hadubini, jibu lingepotoka, maana treponema wa kaswende na wa buba hawatofautiki kwa umbo. Vipimo vya chembe za urithi ndivyo vilivyoonyesha kuwa huyu yu karibu zaidi na wa buba. (Kwa vipimo hivyo yafaa sehemu ya sampuli isitiwe formalini, ambayo huharibu chembe hizo.)

Jambo hili lawahusu pia watu. Shirika la Afya Duniani linakusudia kuitokomeza buba ifikapo mwaka 2030, na mpango huo ulijengwa juu ya dhana kwamba binadamu peke yake ndiye ahifadhiye ugonjwa. Bado haijathibitishwa kwamba nyani wa porini humwambukiza mtu. Lakini huko Karatu, ambako nyani huingia mashambani kula mahindi, swali hilo lingali likisubiri sampuli za pande zote mbili.