Mji Usioonekana kwa Macho

Katika miaka ya 1660 Mwingereza mmoja, jina lake Robert Hooke, alikata kipande chembamba cha gome litumiwalo kutengenezea vizibo vya chupa, akakitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Akaona vyumba vingi vidogo vidogo, mfano wa sega la asali. Lakini vyumba vile vilikuwa vitupu, maana gome lilikuwa limekufa. Alichokiona ni kuta tu, wenyeji wamekwisha kutoka.

Chumba cha namna hiyo huitwa seli. Miili ya miti, wanyama na wanadamu imejengwa kwa seli, na seli iliyo hai si tupu. Yafanana na mji wa mzee akaaye pamoja na jamaa zake.

Kwanza, mji una ua. Seli nayo ina utando mwembamba uizungukao pande zote, wenye milango: chakula huingia, na taka hutoka.

Pili, mji una mzee. Mzee wa seli ni kiini. Yeye hutunza hati za ukoo, zielezazo jinsi kila kazi ipasavyo kufanywa. Hati zenyewe hazitoki kwake. Nakala zake hupelekwa kwa mafundi, yaani ribosomu, nao hutengeneza protini za kujengea mwili na kuutumikia.

Tatu, mji una meko. Meko ya seli huitwa mitokondria. Humo chakula huunguzwa polepole kwa oksijeni, ili seli ipate nguvu. Moto hauwaki pasipo hewa. Kadhalika mtu akikosa pumzi kwa dakika chache tu, seli za ubongo wake huanza kufa.

Je, ni nani apelekaye oksijeni kwenye meko hayo? Ni seli nyekundu za damu. Hizi, zikiisha kukomaa, hazina kiini wala mitokondria: zimemtoa mzee na kuyaondoa meko, zipate nafasi ya kuchukua mzigo wa wenzao. Lakini hasara yake ni kubwa. Kikiharibika kitu, hakuna hati ya kukitengenezea kingine. Baada ya siku 120 hivi seli hiyo hufa. Kwa sababu hiyo uboho wa mifupa hutengeneza seli nyekundu mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana.

Ndivyo ulivyo mji usio na mzee: waweza kufanya kazi, wala hauwezi kujijenga upya.

Maswali
1. Kwa nini vyumba alivyoviona Hooke vilikuwa vitupu?
2. Seli nyekundu ya damu imepata faida gani kwa kukosa kiini, na hasara gani?