Mwamuzi na Mahakama

Nilidhani usuluhishi ni kupatanisha watu tu, mpaka neno hilo lilipoingia nyumbani kwetu hapa Kwashemshi. Mjomba wangu ni mkandarasi mdogo. Alijenga ghala kwa mkataba, na kazi ilipokwisha mwenye ghala alikataa kumlipa fedha zote, akidai sakafu imepasuka. Mkataba ulisema ugomvi wowote utakatwa na mwamuzi watakayemchagua wote wawili. Mwamuzi alikuja, akawasikiliza, akaikagua sakafu, akaamua mjomba akatwe sehemu ya fedha zake. Mjomba alikasirika sana, akataka kuuza ng'ombe wawili ili aende mahakamani.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Uraia, naye alinieleza hivi.

Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1931, haimpi jaji ruhusa ya kuanza kesi upya. Jaji haikagui sakafu mara ya pili. Huuliza mambo machache tu. Kwanza, je, mwamuzi alikuwa na mamlaka juu ya jambo lile? Pili, je, aliharibu mwenendo wa shauri hata mtu akadhulumiwa, kama vile kumnyima mmoja nafasi ya kujieleza, au uamuzi kupatikana kwa hila? Tatu, kwa masharti maalum, je, alikosea sheria yenyewe? Tena siku za kulalamika ni chache.

Kanuni hii si ya ujenzi peke yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ilikataa ombi la TANESCO la kutengua uamuzi ulioipa ushindi kampuni ya umeme ya Dowans.

Kwa nini iwe hivyo? Wajenzi humtaka mwamuzi anayejua saruji na nondo, na ugomvi uishe upesi. Kama kila aliyeshindwa angeanza tena mahakamani, kazi ya mwamuzi ingekuwa bure.

Jioni nilimwuliza, "Mjomba, mwamuzi alikunyima kusema?"

"Hapana, mwanangu. Nilisema mpaka nikachoka."

"Alipewa rushwa?"

"Hapana. Alikosea juu ya sakafu tu."

Basi ng'ombe hawakuuzwa. Mjomba bado asema ameonewa, na huenda ni kweli; hiyo ndiyo gharama ya sheria hii. Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya kutia sahihi mkataba, someni kifungu cha mwamuzi: nani atamchagua, na ana ujuzi gani. Maji yakimwagika hayazoleki.