Ukifungwa Kwenye Chesi, Usipange Kete Upya Haraka

Kufungwa kwenye chesi kunauma kwa namna yake. Hakuna refa wa kulaumiwa wala mwenzako aliyekosa penalti. Kila kete iliyosogea upande wako uliisogeza mwenyewe. Ndiyo maana wengi huinuka mezani wakijiona hawana akili, au hupanga kete papo hapo wapate kulipiza kisasi.

Hilo la pili ndilo baya zaidi. Mwenye hasira haangalii mpinzani anataka nini, anasogeza tu. Katika michezo ya dakika 3 kwenye simu, usiku, mtu hupoteza mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, na kila mmoja ni mbovu kuliko uliotangulia. Jiwekee sharti kabla hujaanza: nikifungwa mara mbili mfululizo, naacha hadi kesho. Sharti linalowekwa baada ya kufungwa halishiki.

Wala usijilaumu kwa kuumia. Novemba 2016 huko New York, bingwa wa dunia wa wakati huo, Magnus Carlsen, alifungwa na Sergey Karjakin katika mchezo wa nane wa pambano lao la kuwania taji, akaondoka kwenye mkutano na wanahabari kabla haujaanza. Katika mchezo wa tisa alibanwa sana, akajilinda hadi akapata sare. Wa kumi ndio alioshinda, na mwishowe akalitetea taji lake katika michezo ya kasi. Mimi hiyo sare ndiyo inayonivutia kuliko ushindi: ukitoka kufungwa, kutofungwa tena ni kazi kubwa ya kutosha.

Uchungu ukipoa, chukua karatasi uliyoandikia hatua zako utafute mahali mchezo ulipopinduka. Fanya hivyo kabla hujafungua programu ya kompyuta. Programu itakuonyesha hatua bora, lakini haijui ulikuwa unawaza nini, na dawa imo humo kwenye mawazo yako. Je, hukuiona kabisa hatua ya mpinzani? Basi fanya mafumbo machache ya chesi kila siku. Uliiona ukaipuuza? Jizoeze kuuliza, kabla ya kugusa kete, "atanijibu nini?" Saa ilikubana? Angalia ulipoteza dakika nyingi wapi. Mara nyingi ni mwanzoni, kwenye hatua ambazo hazikuhitaji kuwazwa hivyo. Ulifika mwisho ukiwa na ngome na askari mmoja usijue la kufanya? Hilo ni somo la kusomwa, na linasomeka. "Nilicheza vibaya" ni jibu lisilo na tiba. Na kama mpinzani ni muungwana, mwombe mpitie mchezo pamoja. Aliyekufunga anajua alianza kukuona umeyumba wapi.

Mikhail Botvinnik alinyang'anywa taji la dunia na kijana Mikhail Tal mwaka 1960. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 49, alilirudisha. Alikuwa maarufu kwa kuchambua michezo yake mwenyewe bila kujionea huruma, na katika marudiano hayo alitafuta mapambano ya aina ambayo Tal hakuyapenda.

Kuhusu pointi za Elo, zinazopima kiwango cha mchezaji, hesabu yake ina faraja. Kwa mchezaji ambaye FIDE, shirikisho la chesi la dunia, humpimia kwa kizidishio cha 20, kufungwa na wa kiwango chake humpunguzia pointi 10. Akifungwa na aliyemzidi pointi 200, hupoteza kama 5 tu. Akimfunga, hupata kama 15. Na huyo aliyemzidi hutarajiwa kukusanya takriban robo tatu ya alama, si zote. Kwa hiyo usiwakimbie wanaokuzidi ili kulinda namba.

Mchezo wako unaofuata uwe mrefu, walau dakika 30 kila upande, ubaoni kama inawezekana, na uingie na lengo moja ulilolitoa kwenye ule uliopoteza. Ukimaliza, jipime kwanza kwa lengo hilo, kisha ndipo utazame nani ameshinda.