Armadilo na Ugonjwa wa Ukoma

Katika vitabu vya Bayolojia huonekana picha ya mnyama mdogo mwenye magamba mgongoni. Ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza mnyama huyo ni nani, atajibu bila kusita, "Kakakuona." Sivyo. Huyo ni armadilo, na kwao ni Amerika. Waspania ndio waliompa jina hilo, maana yake "mwenye deraya ndogo".

Deraya yake ni mifupa iliyofunikwa na ngozi ngumu. Magamba ya kakakuona wetu hayana mfupa. Yamefanywa kwa kitu kile kile kilichofanya kucha na nywele zako, basi asikudanganye mtu kwamba ni dawa. Hata kwa ukoo wako mbalimbali, maana kakakuona yu karibu zaidi na paka na mbwa kuliko na armadilo.

Kwa nini basi tumsome mnyama wa mbali hivyo? Ni kwa ajili ya ukoma.

Mwaka 1873 daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, aliviona vijidudu vya ukoma kwa hadubini. Tangu hapo wataalamu walijaribu kuvikuza ndani ya chupa kama wanavyokuza vijidudu vingine, wasiweze, na hata leo haijawezekana. Tena ni vivivu mno. Kijidudu cha kawaida cha tumboni huweza kugawanyika kikawa viwili kwa dakika 20. Kile cha ukoma huchukua kama wiki mbili. Mwaka 1960 Charles Shepard wa Marekani alifaulu kuvikuza katika nyayo za panya, lakini vilivyopatikana vilikuwa vichache. Na mtu atakaye kutengeneza chanjo atafanya nini na vijidudu haba?

Wakati huo Dokta Eleanor Storrs alikuwa akiwachunguza armadilo kwa jambo jingine kabisa. Armadilo wa mikanda tisa huzaa watoto wanne kwa mara moja, wote wa yai moja, ama wote wa kike ama wote wa kiume. Hao ndio mapacha aliokuwa akiwapima. Sasa, joto la mwili wa armadilo ni digrii 33 hadi 35, hali letu sisi ni 37. Na ukoma hupenda sehemu zenye ubaridi katika mwili wa mtu: masikio, pua, vidole, nyayo. Je, ukiingia katika mnyama ambaye ni baridi mwili mzima? Tena huyu huishi miaka mingi, hata ugonjwa wa polepole ukapata nafasi. Yeye na mwenzake Waldemar Kirchheimer waliwadunga armadilo vijidudu hivyo, na mwaka 1971 wakatangaza kwamba ugonjwa umeshika. Ini na wengu wa mnyama mmoja vilitoa vijidudu maelfu ya mamilioni. Armadilo hazai kwa urahisi akiwa kifungoni, kwa hiyo walikamatwa porini wakafia maabarani. Si haki kulipita jambo hilo kimya.

Kazi hiyo ilifika hata kwa jirani zetu. Ng'ambo ya mto Songwe, katika wilaya ya Karonga, Malawi, watu 121,020 waliingizwa katika jaribio la chanjo kati ya mwaka 1986 na 1989. Wengine walipewa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu iachayo kovu mkononi. Wengine walipewa BCG iliyochanganywa na vijidudu vya ukoma vilivyokwisha kuuawa, vilivyotoka kwa armadilo. Baadhi ya wale waliokuwa na kovu tayari walidungwa sindano isiyo na chanjo, ili wapate kulinganishwa na wenzao. Mchanjaji hakujua ampa nani nini, wala mchanjwa hakujua.

Majibu yalitolewa mwaka 1996. BCG ya pili ilipunguza ukoma kwa karibu nusu. Vijidudu vya armadilo havikuongeza kinga yoyote. Wako watakaosema kwamba jasho lote lile lilipotea bure. Mimi sikubali, maana bila Karonga fedha nyingi zingalimwagwa katika chanjo isiyofaa, na ile ya bei nafuu iliyomo katika kila zahanati isingalijulikana nguvu yake. Tena ni kwa vijidudu vilivyokuzwa ndani ya armadilo kwamba, mwaka 2001, wataalamu waliweza kusoma maandishi yote ya urithi wa kijidudu cha ukoma.

Ukoma wenyewe hutibika. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa zitolewe kwa pamoja, si moja moja, na mgonjwa hupewa bure kwa miezi 6 au 12. Akianza kuzimeza, haichukui muda mrefu naye huacha kuambukiza. Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka lililopauka au jekundu, lisilowasha wala kuuma. Fumba macho, mwambie mwenzako aliguse kwa ncha ya pamba. Usiposikia kitu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, kabla vidole havijafa ganzi.